Yakov Frenkel: Aliitabiri eksitoni, ikaonekana mwaka aliofariki

Fuwele ikimeza mwanga, nishati ile inaenda wapi? Mwaka 1931 Mrusi Yakov Frenkel alikuja na jibu ambalo hakuna aliyekuwa ameliona kwa macho.

Alisema atomu iliyosisimuliwa na mwanga inaweza kumpasia jirani yake ule msisimko, naye akampasia mwingine, bila umeme wowote kupita. Baadaye msisimko huo ukaitwa eksitoni. Siku hizi unaelezwa kama pea: elektroni iliyoruka na tundu iliyoliacha, bado vinavutana na kutembea pamoja.

Frenkel alizaliwa 1894 Rostov-on-Don, familia ya Kiyahudi. Mwaka 1919 alikuwa mwalimu huko Crimea, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, na jeshi lililopinga Wabolsheviki likamtia ndani. Alipotoka, 1921 akahamia mji ambao baadaye uliitwa Leningrad. Makala ya 1931 aliichapisha Marekani, wakati ule akiwa mgeni Minnesota.

Unaweza kudhani aliyefungwa na maadui wa Wabolsheviki angekula raha chini yao. Wapi! Mwaka 1947 alipewa Tuzo ya Stalin kwa kitabu chake kuhusu vimiminika, lakini miaka hiyohiyo akaandamwa kwamba fizikia yake haiendani na falsafa ya chama. Tuzo mkono huu, lawama mkono ule.

Alifariki Leningrad Januari 23, 1952, akiwa na miaka 57. Mwaka huohuo, mjini humohumo, Evgeny Gross na mwenzake walichapisha ushahidi: mistari ya rangi iliyomezwa na fuwele ya oksidi ya shaba, imepangika kama ile ya atomu ya haidrojeni. Ilikuwa eksitoni, ingawa ya aina pana kuliko ya Frenkel, ambayo elektroni na tundu huwa mbalimbali kidogo.

Leo eksitoni zinasakwa kwenye fuwele za matabaka kama molibdeni disalfaidi, unayoweza kuibandua hadi ibaki tabaka moja tu. Humo pea inashikana kiasi kwamba joto la chumba haliivunji. Watafiti hupiga mmweko wa leza kuiamsha, kisha mmweko wa pili kuikagua. Muda kati ya mimweko hiyo hupimwa kwa femtosekunde, na sekunde moja ina femtosekunde milioni bilioni moja.