Johann Ludwig Krapf: Imani Katikati ya Homa na Makaburi

Mwanafunzi yeyote wa isimu ya Kiswahili amewahi kukutana na jina la Johann Ludwig Krapf. Anajua kwamba Mjerumani huyo ndiye aliyechapisha sarufi ya Kiswahili mwaka wa 1850, na kwamba kamusi yake kubwa ilitoka mwaka wa 1882. Jambo ambalo aghalabu halitajwi darasani ni kwamba kazi hizo zilianzwa na mtu aliyekuwa mgonjwa mara kwa mara, na ambaye alikuwa amemzika mke na watoto wawili kabla ndoa yake haijatimiza miaka miwili.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari, 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa mvulana, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa muda wa miezi sita hivi. Katika kipindi hicho cha kulala kitandani alijizoeza kusoma Biblia. Mtu anaweza kusema kwamba mwelekeo wa maisha yake yote uliwekwa hapo: tangu utotoni, ugonjwa na Maandiko vilikuwa vitu vilivyokwenda pamoja.

Baada ya masomo ya theolojia alijiunga na shirika la CMS la Uingereza, na mwaka wa 1837 akatumwa Uhabeshi. Huko alifukuzwa Tigre mwaka wa 1838, akahamia Shoa, na alipotoka huko mwaka wa 1842 kwenda kumwoa Rosine Dietrich nchini Misri, njia ya kurudi ikafungwa. Katika safari ya kujaribu kurejea, Rosine alijifungua mtoto wa kike nyikani kabla ya wakati wake. Mtoto hakuishi. Wazazi walimpa jina Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi, wakamzika na kuendelea na safari.

Krapf alifika Unguja mnamo Januari 1844 na kupokewa vyema na Seyyid Said. Miezi michache baadaye, yeye na mkewe walikuwa wamepata makao Mombasa. Tarehe 8 Juni mwaka huo alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa mji, Ali bin Muhiddin. Inafaa kulitafakari jambo hili: mmisionari Mkristo na kadhi Mwislamu wameketi pamoja wakitafuta maneno ya Kimvita ya kueleza uumbaji wa dunia. Krapf aliuona Uislamu kama mpinzani wa kazi yake, na maandishi yake hayakosi maneno makali juu yake na juu ya wenyeji wa bara pia. Hata hivyo, bila elimu ya wanazuoni wa Mombasa asingefika mbali katika lugha hiyo.

Kazi hiyo haikuwa imetimiza mwezi mmoja homa ilipoingia nyumbani. Mnamo tarehe 6 Julai Rosine alijifungua mtoto mwingine wa kike, naye akashikwa na homa kali. Krapf mwenyewe alikuwa hoi. Ilimwia vigumu hata kuinuka na kusogea hadi kitanda cha mkewe. Rosine alifariki tarehe 13, na kitoto kikamfuata siku mbili baadaye. Kabla ya kukata roho aliomba asizikwe kisiwani bali ng'ambo, upande wa bara, ili kaburi lake liwakumbushe wapita njia kile kilichowaleta wao huko. Ombi lake lilitimizwa, na kaburi lake liko katika eneo linalojulikana leo kama Nyali.

Hapo ndipo wengi wangalifunga mizigo na kurudi kwao, na hakuna ambaye angaliwalaumu. Barua ambayo Krapf aliwaandikia wakuu wa shirika lake ilichukua mkondo mwingine. Aliwaeleza kwamba sasa lipo kaburi la mmoja wao katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na kwamba waliichukulie kuwa ishara ya kuanza kwa kazi, kwani aliamini kuwa ushindi wa Kanisa hupita juu ya makaburi ya watu wake. Msomaji wa leo huenda akayaona maneno hayo kuwa magumu kwa mjane ambaye machozi hayajamkauka. Lakini Krapf hakudai kwamba hakuumia. Alichokataa ni kuamini kwamba msiba ule ulikuwa hauna maana. Aliirudia tafsiri yake, na kwa muda wa miaka miwili hivi Agano Jipya lote lilikuwa tayari katika mswada, ingawa halikuchapishwa.

Johannes Rebmann aliwasili Juni 1846, naye pia hakuchelewa kushikwa na homa. Siku walipohamia Rabai, tarehe 25 Agosti, wote wawili walikuwa wagonjwa, nao walikuwa na punda mmoja wa kupokezana. Mtu wa kwanza kuipokea imani yao alikuwa Mringe, mlemavu ambaye alibatizwa akiwa karibu kufa. Kwa hesabu ya kawaida hayo ni mavuno haba mno.

Yaliyompata Ukambani mnamo Agosti 1851 yanajulikana zaidi. Mwenyeji wake, Kivoi, aliuawa na wavamizi karibu na Mto Tana, na Krapf akajikuta peke yake porini. Alibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki na katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, akatafuna majani na hata baruti kwa njaa, akitembea usiku na kujificha mchana huku akiomba. Alifika Rabai akiwa hai, lakini mwili ulikuwa umedhoofika, na mwaka wa 1853 ugonjwa ukamlazimisha kuondoka.

Alirejea kwa muda mfupi mapema katika miaka ya 1860 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, na kwa mara nyingine afya ikamrudisha Ulaya. Huko Kornthal aliendelea kuishughulikia kamusi. Rebmann, aliyekuwa amedumu pwani miaka 29, alirudi mwaka wa 1875 akiwa kipofu, akaishi karibu na rafiki yake wa zamani hadi kifo chake mwaka uliofuata. Wazee hao wawili walioshirikiana punda mmoja wenye homa walikutana tena, mmoja akiwa haoni.

Krapf alifariki usiku wa tarehe 26 Novemba, 1881. Walioingia chumbani mwake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, katika hali ya kusali. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka uliofuata. Mwenyewe hakuwahi kuishika mkononi.