Sayyid Barghash bin Said na Maradhi Yaliyomdhoofisha

Katika darasa letu la hapa Pumwani alikuwako ndugu mmoja, mzaliwa wa pwani, ambaye hakuwa akikosa. Kisha akaacha kuja, darasani wala kwenye jamaa haonekani. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulimdhania uvivu, hata siku moja tukamtaja kwa fumbo katika waadhi wetu. Baadaye ikadhihirika kuwa mguu wake umevimba hata kiatu hakiingii, kwamba majirani wamemwambia amekanyaga kilichotegwa, na kwamba fedha alizokuwa akiwapelekea wanawe zimekwisha kwa wenye hirizi na makafara. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengi wanaojificha kama yeye, tumeona tuandike habari ya mtu mkubwa aliyepatwa na maradhi hayo hayo ya matende, naye hakupungukiwa na mali, wala askari, wala watu wa kumsomea.

Mtu huyo ni Sayyid Barghash, mwana wa Sayyid Said bin Sultan na mama wa Kihabeshi. Baba yake alipokufa baharini mwaka 1856, ufalme wa Unguja ulimwangukia ndugu yake Majid, na Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 aliinuka kumpinga, akisaidiwa na baadhi ya dada zake, miongoni mwao Salme, msichana aliyejifundisha kuandika na ambaye kalamu yake ilitumika katika barua za njama ile. Waingereza wakamsaidia Majid. Barghash akashindwa, akapelekwa Bombay, akakaa huko kama miaka miwili. Tunadhani uhamisho ule ulimfaa kuliko ushindi, kwa kuwa aliuona mji mkubwa na kazi zake, na alipokuja kutawala, Oktoba 1870, hakuwa tena kijana wa fitina tu.

Alikikalia kiti katika wakati mzito. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kilikuwa kimeua maelfu ya watu Unguja. Maradhi hayo humtoa mtu maji ya mwili kwa kuhara na kutapika, mpaka damu huwa nzito, moyo hushindwa kuisukuma, na aliyekuwa mzima asubuhi huzikwa jioni. Kisha Aprili 1872 ikaja tufani iliyovunja majahazi na kung'oa mikarafuu. Na Juni 1873, akishurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Wako wanaomsifu kwa jambo hilo kana kwamba alilianza yeye, sisi hatuwezi. Alilifanya mizinga ikimtazama, na haki iliyokuja kwa kushurutishwa ni haki kwa waliookolewa, lakini sifa yake si ya aliyeshurutishwa.

Sifa yake iko kwingine. Mwaka 1875 alizuru Uingereza, na baada ya hapo mji wake ulibadilika. Alivuta maji safi kutoka chemchemi ya nje ya mji yakawafikia watu wa ndani, ambao kabla yake walikunywa visima vilivyochanganyika na uchafu. Alijenga hamamu ya watu wote, mahali panapoitwa Hamamni hata leo. Alileta matbaa ya herufi za Kiarabu, vikachapishwa vitabu vya dini papa hapa Afrika ya Mashariki. Beit al-Ajaib pia ni yake, ya mwaka 1883. Lakini mtu akituuliza, twasema mfereji wa maji una thawabu zaidi kuliko kasri.

Ama maradhi yake, yalikuwa mawili: matende na kifua kikuu. Na ni ajabu kwamba asili ya yote mawili ilijulikana yeye akiwa hai. Mwaka 1877 tabibu Patrick Manson, huko China, aliona vijidudu vya matende vikikua ndani ya mbu. Na mwaka 1882 Robert Koch, mjini Berlin, alitangaza kijidudu cha kifua kikuu. Lakini kujua sababu si kuwa na dawa.

Matende huletwa na minyoo myembamba mfano wa nyuzi, itiwayo mwilini kwa kuumwa na mbu mara nyingi. Mwili wa mwanadamu, mbali na mishipa ya damu, una mishipa mingine midogo ambayo kazi yake ni kuyakusanya maji yanayovuja kutoka kwenye damu na kuyarudisha. Minyoo hukaa ndani ya mishipa hiyo miaka mingi, huipanua na kuiharibu, na maji yaliyokuwa yarudi hubaki mguuni. Hapo huingia vijidudu vingine kwa kila mpasuko wa ngozi, mtu hupatwa na homa na maumivu, na kila homa huacha ngozi nene zaidi. Minyoo hiyo hiyo ndiyo iletayo mshipa, yaani busha, kwa wanaume. Hapana kilichotegwa njiani. Kilichotegwa ni maji machafu ya vyoo na mitaro ya miji yetu ya pwani, ambamo mbu huyo huzaliana. Huko Makunduchi, katika miaka ya 1980, walimwaga chembe nyepesi za plastiki juu ya maji ya vyoo ili mbu wasipate pa kuzaliana, nao wakapungua sana.

Na kifua kikuu hula mapafu, na mapafu ndipo damu inapopata hewa. Sehemu iliyoliwa haitoi hewa tena; mtu hukohoa, hutoka jasho la usiku, na nyama ya mwili humwisha. Maradhi haya twayajua sana sisi wa Majengo na Shauri Moyo, tunaolala watu wengi chumba kimoja dirisha likiwa limefungwa.

Leo hali si ile. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, muda wa miezi 6 kwa kawaida, sharti zimalizwe. Ugawaji wa dawa za kuua minyoo ya matende kwa watu wote ulianza Unguja na Pemba mwaka 2001, na pwani ya Kenya mwaka uliofuata. Mshipa hupasuliwa ukapona. Mguu uliokwisha kuvimba haurudi upesi, lakini ukioshwa kila siku kwa maji na sabuni, ukakaushwa baina ya vidole na kuinuliwa wakati wa kulala, homa hupungua. Ndugu yetu alipoambiwa hayo hospitalini alicheka, kwani kupitisha maji baina ya vidole alikwisha kufundishwa chuoni tangu utoto. Amesharudi darasani, naye huswali kwa kukaa kitini, wala fiqhi haina shaka juu ya udhuru wake.

Barghash hakupata hayo. Miaka yake ya mwisho Wajerumani na Waingereza waliigawanya bara yake, mwaka 1886, wakambakishia ukanda wa maili 10 pwani ya bara. Na mwaka 1887 akawakodisha kampuni ya Waingereza sehemu ya ukanda huo iliyo Kenya ya leo, na Mombasa ndani yake. Mwili nao ulikuwa ukimwisha. Mapema mwaka 1888 alisafiri kwenda Oman kutafuta afya, akarejea Unguja hali amezidiwa, akafa mwezi wa Machi, umri wake kama miaka 50. Alizikwa karibu na baba yake.

Wakati huo Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui wa Mombasa, baba wa Sheikh Al-Amin, alikuwa gerezani kwa amri ya Barghash, kwa sababu ya kufundisha kwake madhehebu yasiyokuwa ya Sultani. Hilo hatulifichi. Sayyid Khalifa alipokaa mahali pa ndugu yake, Sheikh Ali alifunguliwa.