Wangari Maathai: Mbunge wa Tetu na Mtetezi wa Misitu

Hayati Profesa Wangari Maathai alizaliwa tarehe 1 Aprili, 1940, katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, nchini Kenya. Alisomea elimu ya viumbe huko Marekani, na mwaka 1971 akatunukiwa shahada ya udaktari mjini Nairobi. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement. Wanawake wa vijijini waliootesha miche walilipwa senti chache kwa kila mche uliopona. Hata kufikia mwaka 2004 miti iliyopandwa ilizidi milioni 30.

Sisi tuvaao sare tuna sababu yetu ya kuyasoma maisha ya mama huyu, kwani alikutana na sare mara nyingi, na mara nyingi haikuwa kwa heri. Mwaka 1989 alipopinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika Bustani ya Uhuru, Nairobi, wabunge walimkejeli ndani ya Bunge. Jengo hilo halikusimama. Machi 1992 alikuwa pamoja na akina mama waliodai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiwe huru. Polisi wakawapiga, naye akazirai. Januari 1999 alikwenda kupanda miche katika msitu wa Karura, ambao ardhi yake ilikuwa imegawiwa watu binafsi. Walinzi wenye marungu walimpasua kichwa. Alifika kituo cha polisi akaandikisha mashtaka, na taarifa ile akaitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Askari hawakurudi naye msituni kuwakamata waliomshambulia. Ukurasa huo haupendezi kwa yeyote aliyekula kiapo cha kulinda sheria.

Desemba 2002 wananchi wa Tetu walimchagua kwa asilimia 98 ya kura, naye akaingia katika Bunge lile lile lililomkejeli. Januari 2003 aliteuliwa kuwa Waziri Mdogo wa Mazingira. Cheo chenyewe kilikuwa kidogo kuliko jina lake, na kwa maoni yetu alifanya makubwa zaidi nje ya Bunge kuliko ndani. Hata hivyo alisimama imara dhidi ya kilimo ndani ya misitu ya serikali, na askari wa Jeshi la Kenya walishika majembe wakapanda miti pamoja na watu wake. Oktoba 2004 alitunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Alipiga vita pia mifuko ya plastiki. Hapa Kabeza tumezoea kwenda sokoni na vikapu, maana Rwanda iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2008. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2017, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Mwaka 2007 wapiga kura walimnyima kiti. Alifariki dunia Nairobi tarehe 25 Septemba, 2011, akiwa ameusia kwamba usikatwe mti kwa ajili ya jeneza lake. Lilisukwa kwa magugu-maji, mafunjo na mianzi.