Mergenthaler: Fundi saa aliyewagomea wadosi wa magazeti

Kabla ya miaka ya 1880, kila herufi unayoisoma gazetini iliokotwa kwa mkono. Jamaa alisimama mbele ya sanduku lenye vijumba vingi, akachomoa vijiherufi vya risasi kimoja kimoja, akavipanga mstari baada ya mstari. Gazeti likishachapwa, alirudisha kila kimoja mahali pake. Mambo yalikuwa hivyo tangu enzi za Gutenberg, zaidi ya miaka 400.

Aliyeyabadilisha ni barobaro wa kijijini, Ottmar Mergenthaler, aliyezaliwa Mei 11, 1854, Hachtel, Ujerumani. Babake alikuwa mwalimu na alitaka mwanawe ashike chaki pia. Kijana alitaka vyuma. Pesa za kusomea uhandisi hazikuwepo, basi akapelekwa kwa ndugu ya mama yake wa kambo kujifunza kuunda saa. Mwaka wa 1872, akiwa na miaka 18, alivuka bahari hadi Marekani, akafanya kazi katika karakana ya August Hahl, kwanza jijini Washington na baadaye Baltimore.

Mnamo 1876, wateja walileta pale kimashine kibovu cha kuandikia. Nyuma yao alikuwa James Clephane, mwandishi wa hati mkato aliyechoka kungoja maneno yake yachapwe. Mergenthaler alikirekebisha. Wakamtaka aunde kingine cha kugandamiza herufi kwenye karatasi ili risasi imwagwe juu yake. Aliwaambia wazi haitafaulu. Wakashikilia, na kweli, ikafeli.

Wazo lililomtoa lilikuwa rahisi: mbona mashine moja isipange herufi na kumwaga risasi papo hapo?

Hapa ndipo ufundi wa saa unapoonekana. Ukigusa kibodi yenye vibonyezo 90, kalibu ndogo za shaba zinateremka na kujipanga. Kabari zinasukumwa katikati ya maneno hadi mstari ujae sawasawa. Risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, moto wa karibu nyuzi 285, inaingia kwenye kalibu, na mstari mzima unatoka ukiwa kipande kimoja. Kisha mkono wa chuma unazinyanyua kalibu hadi juu. Kila moja imechongwa meno kama ufunguo, kwa hivyo inaning'inia kwenye reli hadi ifike juu ya chumba chake, inaachilia na kudondoka. Kwangu mimi, hayo meno ndiyo maajabu yenyewe.

Julai 1886 mashine hiyo, Linotype, ilianza kazi katika gazeti la New York Tribune. Mwenye gazeti, Whitelaw Reid, ndiye pia aliyeshika usukani wa kampuni iliyoimiliki, na alikuwa na vita vya muda mrefu na chama cha wapanga chapa. Alitaka mashine nyingi, chapchap. Mergenthaler alitaka kwanza kurekebisha kasoro. Wakazozana, mrabaha wake ukapunguzwa, na mwaka wa 1888 akajiuzulu. Alikuwa na mke na watoto wa kulisha, lakini alitoka.

Ajabu ni kwamba hakuiacha mashine. Katika karakana yake mwenyewe Baltimore aliendelea kuiboresha, na toleo la 1890 ndilo lililoenea duniani. Kampuni iliyomchosha ikaendelea kuuza kwa jina lake.

Kifua kikuu kilimpata akiwa bado kijana. Alihamia Deming, New Mexico, kutafuta hewa kavu, na huko mwaka wa 1897 nyumba iliungua pamoja na maandishi ya maisha yake. Alifariki Baltimore Oktoba 28, 1899, akiwa na miaka 45 tu.

Gazeti la New York Times lilizima Linotype zake Julai 1978. Nyingi ziliuzwa kama vyuma kuukuu. Chache zilizobaki zimo kwenye makavazi na karakana za mafundi wanaozifufua: wanasugua kutu, wanasafisha kalibu moja moja, wanasaka vipuri ambavyo havitengenezwi tena. Kabla ya kuwasha sufuria ya risasi, kuna kifaa kimoja lazima kikaguliwe, kile kinachozuia pampu ikiwa mstari haujajaa. Kisipofanya kazi, risasi ya moto humrukia aliyeketi.