Rembrandt na Picha ya Walinzi

Katika mji wa Leiden, nchi ya Uholanzi, palikuwa na msaga nafaka mmoja jina lake Harmen, mwenye kinu kilichozungushwa na upepo. Tarehe 15 Julai mwaka wa 1606 mkewe, binti wa mwoka mikate, alizaa mtoto wa kiume, akaitwa Rembrandt. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa mchoraji mashuhuri, na sifa zake zimeenea ulimwenguni kote. Lakini pamoja na sifa hizo imeenea na hadithi moja juu ya maisha yake, nayo si kweli.

Hadithi yenyewe ni hii. Husemwa kwamba mwaka wa 1642 Rembrandt alichora picha kubwa ya walinzi wa mji wa Amsterdam. Nao walipoiona wakakasirika, kwa kuwa wengine waliwekwa gizani na nyuso zao hazikuonekana vema. Wakaikataa, na tangu siku hiyo hapana aliyemtaka tena, akawa maskini mpaka kufa kwake. Ni hadithi tamu, na kwa utamu wake imeingia katika vitabu vingi. Lakini daftari za makarani wa Amsterdam zimehifadhiwa, nazo zasema mengine.

Rembrandt alifundishwa kwanza kwao Leiden, kisha kama miezi sita kwa fundi Pieter Lastman huko Amsterdam. Baadaye akahamia mji huo, na mwaka wa 1634 akamwoa Saskia, binti wa watu wenye cheo. Matajiri wakaja kuchorwa, na wanafunzi wakamlipa ada. Hata mwaka wa 1639 akanunua nyumba kubwa kwa gilda 13,000, ndizo fedha za Uholanzi za siku zile. Hakuwa nazo zote. Alilipa sehemu, na zilizosalia akaahidi kuzilipa kidogo kidogo. Hapo ndipo taabu yake ilipoanza.

Ile picha yamwonyesha Kapteni Frans Banning Cocq akitoka na watu wake, wenye bunduki na mikuki. Mmoja wa watu hao, mfanya biashara ya nguo, alishuhudia miaka mingi baadaye ya kwamba kila mmoja alitoa kama gilda 100, huyu zaidi na huyu pungufu, kwa kadiri ya mahali alipowekwa. Basi walilipa. Tena wakaitundika katika jumba lao la mikutano, nayo ikakaa humo zaidi ya miaka 70. Kapteni mwenyewe alikuwa na mfano wake mdogo katika kitabu cha picha cha jamaa yake. Mtu hafanyi hivyo kwa kitu alichokikataa.

Hata jina lake, Lindo la Usiku, si la Rembrandt. Picha ilipewa jina hilo zaidi ya miaka 100 baada ya kufa kwake, kwa sababu vanishi iliyopakwa juu yake ilikuwa imegeuka kuwa nyeusi. Walinzi wale wanatoka mchana. Mwaka wa 1715 picha ilihamishwa, ikakatwa kandokando ipate kuenea ukutani, na baadhi ya watu waliochorwa wakapotea. Vanishi ile nyeusi iliondolewa mwaka wa 1946 na 1947, na mwanga ukaonekana tena.

Je, umaskini ulitoka wapi? Mwaka ule ule wa 1642 Saskia alikufa, akamwacha Titus, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Labda ndiyo sababu watu waliunganisha picha na msiba. Rembrandt naye hakuacha kwenda minadani kununua picha, kofia za chuma, silaha na makombe ya baharini, na deni la nyumba likabaki. Mwaka wa 1653 mwenye kudai alitaka fedha zake. Rembrandt akakopa kwa watu wengine ili amlipe. Mwaka wa 1656 akafilisika. Makarani wakapita chumba kwa chumba wakiandika vitu vyake, mpaka orodha ikafika namba 363. Vyote vikauzwa, na nyumba pia.

Kazi haikumwisha. Mwaka wa 1660 Titus na Hendrickje, mwanamke aliyekaa naye, walifanya shirika la kuuza picha zake, wadai wasije wakanyang'anya mapato. Mwaka wa 1662 wakaguzi wa nguo wa Amsterdam walimtaka awachore, na picha yao ni miongoni mwa zilizo bora kabisa.

Hendrickje alikufa mwaka wa 1663, na Titus mwaka wa 1668, kijana wa miaka 26. Rembrandt akafa tarehe 4 Oktoba 1669, akazikwa katika kanisa la Westerkerk, katika kaburi la kukodi. Mwaka huo wa mwisho alichora uso wake mwenyewe zaidi ya mara moja. Moja ya picha hizo iko London: mzee amefumbata mikono, akimtazama mtu anayemtazama.