Mtakatifu Yosefina Bakhita: Shukrani Baada ya Minyororo

Kila tarehe 8 Februari, Mama Kanisa huadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, binti wa Sudan aliyepitia utumwa na kufikia utakatifu. Tangu mwaka 2015, siku hiyo ni pia Siku ya Kimataifa ya Sala na Tafakari dhidi ya Biashara Haramu ya Binadamu. Waamini wengi wanayafahamu mateso yake. Inafaa pia kuitafakari fadhila iliyoyatawala maisha yake baada ya mateso hayo, yaani shukrani, ambayo kwayo alimkaribia Mungu siku hata siku.

Mtoto aliyesahau jina lake

Bakhita alizaliwa mnamo mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, Darfur, magharibi mwa Sudan, katika kabila la Wadaju. Baba yake alikuwa ndugu wa chifu wa kijiji, na utoto wake ulikuwa wa furaha. Lakini dada yake mkubwa alitekwa, na mnamo mwaka 1877, Bakhita akiwa na umri upatao miaka minane, naye akatiwa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Alitembezwa pekupeku mamia ya kilometa hadi El Obeid.

Hofu ilimsahaulisha jina alilopewa na wazazi wake, wala hakulikumbuka tena maishani. Jina Bakhita alipewa na watekaji. Ni neno la Kiarabu lenye maana ya mwenye bahati, na msomaji wa Kiswahili atautambua mara moja undugu wake na neno letu bahati.

Aliuzwa na kuuzwa tena. Katika nyumba moja, kijana wa tajiri wake alimpiga vibaya hata akalala mwezi mzima bila kuweza kujiinua. Katika nyumba ya afisa mmoja wa Kituruki alichanjwa mwilini chale 114, kisha majeraha yakasuguliwa kwa chumvi ili alama zisifutike.

Hata hivyo, moyoni mwake lilikuwamo swali ambalo mijeledi haikuliua. Tangu utotoni alilitazama jua, mwezi na nyota, akijiuliza ni nani mwenye vitu hivyo vizuri, akatamani kumwona na kumpa heshima yake. Hapakuwa na katekista wala Biblia. Palikuwa na mtoto aliyepokea uzuri wa viumbe kama zawadi, akamtafuta mtoaji. Hapo ndipo shukrani huanzia: kutambua kwamba nimepewa, na kumtafuta aliyenipa.

Siku ya kukataa

Mwaka 1883, mjini Khartoum, alinunuliwa na Callisto Legnani, makamu wa konseli wa Italia. Kwa mara ya kwanza tangu atekwe, hakupigwa. Legnani alipoondoka Sudan kwa sababu ya vita vya Mahdi, Bakhita alimsihi aende naye, na mwaka 1885 wakafika Genoa. Huko alikabidhiwa kwa familia ya Augusto Michieli, akawa mlezi wa binti yao mdogo, Mimmina.

Baadaye, wenye nyumba walipokuwa na shughuli zao Suakin, kwenye Bahari ya Shamu, Bakhita na Mimmina waliachwa kwa Masista Wakanosa mjini Venezia. Katika mafundisho ya ukatekumeni, Bakhita alitambua kwamba Mungu anayehubiriwa na masista ndiye yule aliyemtafuta tangu utotoni. Jambo moja lilimgusa sana: kwamba Bwana huyu alimjua na kumpenda, na kwamba Bwana huyu naye alipigwa mijeledi. Katika lugha yetu, aliyemmiliki mtumwa aliitwa bwana, na Mungu vilevile tunamwita Bwana. Bakhita alizijua maana zote mbili. Hata uzeeni alimtaja Mungu kwa neno ambalo watu wa Veneto walilitumia kwa tajiri mwenye mali, Paron.

Bibi Michieli aliporudi kumchukua ili wasafiri pamoja, Bakhita alikataa. Wapo ambao wangesema asante ya punda ni mateke, kwa maana bibi yule alikuwa amemtunza, na Bakhita alimpenda kwa dhati, yeye na mtoto wake. Kumwona akiwa na uchungu kulimuumiza. Lakini hakurudi nyuma. Tarehe 29 Novemba 1889 iliamuliwa kwamba, kwa kuwa sheria ya Italia haikuutambua utumwa, alikuwa mtu huru.

Tukio hili lina fundisho zito. Katika familia zetu na hata katika jumuiya zetu, fadhila hugeuzwa deni: aliyemlipia mwenzake ada au kumpa makazi hutaka kuitawala dhamiri yake. Bakhita anatuonyesha kwamba shukrani ya kweli hukaa pamoja na uhuru. Alimshukuru mwanadamu kwa mema aliyotendewa, lakini nafsi yake aliitoa kwa Mungu peke yake.

Kisima cha ubatizo

Tarehe 9 Januari 1890 alipokea Sakramenti za Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi Takatifu. Kati ya majina aliyopewa lilikuwamo Fortunata, tafsiri ya Bakhita. Jina lililotoka vinywani mwa watekaji likapata ukweli wake katika maji ya ubatizo. Baada ya siku hiyo alionekana mara nyingi akikibusu kisima cha ubatizo, kwa sababu hapo alifanywa mtoto wa Mungu.

Aliingia unovisi mwaka 1893 na kuweka nadhiri tarehe 8 Desemba 1896. Tangu mwaka 1902 sehemu kubwa ya maisha yake ilipita katika konventi ya Schio, akiwa mpishi, mtunza sakristia, mshonaji na bawabu. Watoto na maskini waliobisha hodi walipokelewa kwa upole na mikono iliyowahi kufungwa minyororo.

Alipoulizwa kuhusu watesi wake, alieleza kwamba angekutana nao angepiga magoti na kuibusu mikono yao, kwa kuwa bila yale yaliyotokea asingekuwa Mkristo wala mtawa. Tahadhari inahitajika hapa. Bakhita hakuuita utumwa kuwa ni wema. Kanisa linautambua kuwa dhambi nzito dhidi ya hadhi ya binadamu, wala hakuna mwenye haki ya kumwambia aliyedhulumiwa ashukuru kwa kudhulumiwa. Alichokishukuru Bakhita ni neema ya Mungu, ambayo uovu wa wanadamu haukuweza kuizuia, na katika neema hiyo alipata nguvu ya kusamehe.

Wala shukrani haikumfutia majeraha. Katika ugonjwa wake wa mwisho, akili ikiwa imechanganyikiwa kwa homa, alirudi utumwani na kumsihi muuguzi amlegezee minyororo kwa kuwa ilikuwa mizito. Kisha akafariki dunia kwa amani, tarehe 8 Februari 1947, jina la Bikira Maria likiwa midomoni mwake. Kwa hiyo ndugu anayebeba kumbukumbu chungu asidhani kwamba maumivu yake ni ushahidi wa imani haba.

Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri tarehe 17 Mei 1992, na Mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Mwaliko kwetu

Wapendwa taifa la Mungu, nasi tunaishi katika nchi zilizoonja utumwa. Misioni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, iliwapokea watoto waliokombolewa kutoka katika biashara ile ile. Hata leo wasichana huchukuliwa vijijini kwa ahadi ya kazi nzuri, wakaishia katika mateso. Hatuwezi kumheshimu Bakhita na kunyamaza juu yao.

Neno Ekaristi, kwa asili yake ya Kigiriki, lina maana ya shukrani. Kila Misa hutufundisha kupokea na kushukuru. Tuanze basi na jambo dogo: kila jioni, kabla ya kuomba lolote, tumtajie Mungu zawadi moja ya siku hiyo kwa jina lake. Na tutakapoingia kanisani na kukipita kisima cha ubatizo, tusimame kidogo tumshukuru Mungu aliyetufanya watoto wake.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee.