Al-Khwarizmi: Sifuri si Sawa na Kisichojulikana

Je, wajua kwamba neno sifuri limetoka kwa Kiarabu, sifr, yaani tupu? Na vijana wa kompyuta wanapotaja algorithimu, kumbe wanataja jina la mtu! Mtu huyo ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Hebu tumjue.

Alizaliwa yapata mwaka 780. Nisba yake yatuelekeza Khwarizm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral. Kazi yake aliifanya Baghdad, katika Baytul Hikma, zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Aliandika majedwali ya nyota na kitabu cha jiografia, lakini sifa yake kubwa ni hesabu.

Kitabu chake cha al-jabr wal-muqabala ndicho kilichozaa aljebra inayotutoa jasho shuleni. Usidhani alikiandika kututesa. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni mirathi na wasia, mambo ya watu kupata haki zao. Yeye hakutumia herufi x. Kile kisichojulikana alikiita shay', yaani kitu. Hakijulikani bado, lakini kina jina, na utakibeba hivyo hivyo katika hesabu mpaka kifichuke.

Kitabu chake kingine kilieleza tarakimu za Kihindi. Asili yake ya Kiarabu imepotea, ikabaki tafsiri ya Kilatini ya karne ya 12, ambamo jina lake liligeuka kuwa Algoritmi. Humo alieleza kwamba mahali pasipo na namba pawekwe kiduara. Chukua mfano wa daftari la deni dukani hapa Bondeni. Mteja anadaiwa shilingi 205. Ukipaacha wazi pale katikati, kesho mtu atasoma 25, na shilingi 180 zimekwenda!

Sasa tuje kwa kompyuta, maana wengi wenu mnajifunza kuandika programu. Namba huwekwa ndani ya variabo, kama kisanduku chenye jina. Katika JavaScript, ukikitaja kisanduku bila kutia kitu ndani, kompyuta husema hakina thamani. Ukikijumlisha na 10 unapata NaN, yaani si namba. Dawa yake ni kuweka thamani ya akiba, itakayotumika iwapo mtu hakujaza kitu.

Lakini hapa pana mtego. Tuseme mnaandika hesabu ya michango ya futari, na asiyejaza anahesabiwa 100. Mama mmoja mjane amejaza 0 kwa sababu hana. Ukitumia alama ya ||, kompyuta huiona 0 kama hakuna kitu, na mama wa watu anaandikiwa 100! Ndiyo sababu mwaka 2020 JavaScript iliongezewa alama ya ??, ambayo hujaza pale palipo patupu kweli, na 0 ya mtu ikabaki 0.

Na kinyume chake ni kibaya zaidi. Marehemu ameacha mali, na deni lake halijaulizwa. Programu ikijiwekea 0 penye deni, warithi watagawana vizuri sana, na mwenye kudai atatoka mikono mitupu. Hapo usiweke akiba yoyote. Programu isimame, iulize. Deni hilo bado ni shay', si sifuri.

Al-Khwarizmi alifariki yapata mwaka 850, na kompyuta hakuiota. Lakini alituachia vyote viwili: kiduara cha mahali patupu, na jina la kisichojulikana. Basi ndugu yangu, kabla hujajaza pengo katika programu yako, jiulize: hapa hakuna kitu, au ni mimi sijui? Majibu haya mawili yakichanganywa, kuna mtu atakayepoteza haki yake.

Wabillahi tawfiq.